Majina Niliyoandika Kwenye Mifuko ya Kahawa

Mama mdogo wangu,

Shikamoo. Najua safari hii sitasikia ile "marahaba mwanangu, umekula?" uliyokuwa ukiitoa kwa pumzi moja, hata mtu akikukuta na mzigo wa kuni kichwani. Umelala Liuli, kwenye mchanga wa ziwani, mbali na mashimo ya kilimo chetu cha ngolo uliyokuwa ukiyachimba kwenye miteremko yetu huku Mbinga tangu ukiwa msichana. Watu wa huku juu wanadhani ulihamia ziwani kufuata joto, eti miguu inauma. Nimewaacha wadhani hivyo miaka yote hii. Ulihama kwa sababu yangu, na nimeona haya kulisema hilo hata mbele ya mama yangu, dada yako wa tumbo moja.

Nimeianza barua hii mara nyingi, na kila mara nilijikuta naandika maneno ya kitaalamu, kana kwamba wewe ni jopo la wasahihishaji. Nikachana. Leo naanza na kanga yako.

Unakumbuka msimu ule nilipokuwa na miaka saba hivi? Wanawake wa kitongoji mlikuwa mnakwenda ngokela, leo kwa huyu, kesho kwa yule, mnakizunguka kichanja na kuchambua kahawa ya mwenye nyumba, naye anawapikia. Wewe ulikuwa kama huangalii. Unaongea, unacheka, unamtania mtu kuhusu mumewe, na mkono unapita juu ya ile kahawa ya ganda, unaokota punje moja katikati ya mia, na kumbe ndiyo iliyotobolewa na mdudu. Mimi nilikaa miguuni pako. Nikaona punje nyeusi nyingi, nikapiga kelele, "Mama mdogo, kahawa ya huyu mama imeoza!" Lo! Ulinifinya paja mpaka nikaona nyota mchana. Mwenye kahawa alijifanya anakoroga chungu.

Njiani kurudi uliufungua mkunjo wa kanga yako kiunoni, ukamwaga kwenye shimo la ngolo rundo la punje mbovu ambazo sikuona ulizificha saa ngapi.

"Ukichambua kahawa ya mwenzio," ukaniambia, "mbovu unaiweka hapa. Akikuuliza, unamwambia zilikuwa chache."

"Na kama zilikuwa nyingi?"

"Zilikuwa chache."

Nilicheka nikadhani unanitania. Laiti ningelishika somo lile kama nilivyoshika mengine, maana mengine niliyashika kweli. Nilifaulu, nikaenda sekondari, nikaenda chuo Dar es Salaam, na ukoo mzima ukawa unanitaja kwenye sala za jioni. Wewe ulikuwa unasema kwa watu, "Mwanangu anasomea mashine zinazofikiri," na ukiulizwa zinafikiri nini unajibu, "Hilo atakuja kutuambia mwenyewe."

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Zamani kahawa yote ilikwenda kwenye chama, ikapimwa, ikaandikwa, basi. Mara wakaja wanunuzi binafsi na magari yao, kila mmoja na mzani wake, na kila mmoja anataka kahawa safi tupu. Karani wa kampuni moja alikuwa anapita na daftari lenye majina. Nyumba iliyoandikwa vibaya msimu huu, msimu ujao gari halisimami hapo. Wewe uliliona daftari lile kwa macho yako. Mimi nilikuwa Dar najifunza kuandika programu, sikuliona, na wala sikuuliza.

Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi alitakiwa kufanya utafiti wake. Wenzangu walichukua mambo ya mabenki na simu. Mimi nikasema nitaifundisha kompyuta kuchambua kahawa kama wewe. Walimu walipenda, nami nikatembea kifua mbele wiki nzima. Likizo nikapanda basi kuja nyumbani, siku mbili za vumbi, nikakueleza tukiwa jikoni. Nikasema kompyuta haina akili yake, unaionyesha punje nyingi moja moja, unaiambia hii ya kwanza, hii ya pili, hii ya tatu, mpaka inaanza kushika na kukisia yenyewe.

"Ndivyo ulivyokuwa wewe," ukasema. "Ila yenyewe nadhani hailii."

Ulicheka sana siku hiyo. Ukakubali kabla sijamaliza kuomba.

Nikapita kwenye nyumba tisa nikiomba kahawa, mfuko mmoja mmoja. Na hapa, Mama mdogo, ndipo nilipofanya kosa ambalo nimelificha miaka yote. Nilichukua kalamu ya wino mzito, nikaandika juu ya kila mfuko jina la mwenye nyumba. Kwa mwandiko wangu mzuri, herufi kubwa, mpaka mtu wa darasa la nne kama wewe asome bila kuhangaika. Nilijiona mpangilifu kweli kweli. Mwalimu wangu alikuwa ametuambia tangu siku ya kwanza kwamba mtu anayechambua asijue anachambua kitu cha nani, maana mkono wa mtu una urafiki. Nililiandika hilo kwenye daftari langu na kulipigia mstari chini. Kisha nikaja nyumbani nikaona kwetu halihusu, kwa sababu nani angekutilia shaka wewe?

Ulikaa na ile mifuko siku nne. Siku ya pili ukaniuliza, "Haya makaratasi unayoandika yanakwenda wapi?"

"Chuoni."

"Na yakitoka chuoni?"

"Yatachapwa, Mama mdogo. Watu watasoma. Labda hata hawa wanunuzi."

Ukaendelea kuchambua, taratibu kuliko kawaida yako. Nilidhani umechoka, nikakuletea chai.

Mmoja wa wale tisa alikuwa mama mjane. Sitamtaja jina, na kijiji chetu sikitaji pia. Nitasema tu mfuko wa sita. Kahawa yake mwaka ule ilinyeshewa kichanjani kwa sababu hakuwa na mtu wa kumsaidia kuianua mvua ilipomkuta shambani. Ilikuwa na madoa, nyingine imevunda. Mtoto mdogo angeona. Wewe uliijaza kwenye fungu la kwanza, la kahawa safi, punje kwa punje. Mimi nilikuwa nakaa palepale nikipanga namba zangu, sikuinua kichwa.

Nikarudi Dar na mifuko yangu. Chuoni kulikuwa na skana moja tu, tunaisubiri kwa zamu. Nilizipanga punje kwenye kioo kama mtu anayepanga bao, nikaichukua picha ya kila moja, kompyuta ikapima rangi yake, madoa yake na umbo lake, nami nikaingiza fungu ulilolisema wewe. Halafu nikaichoresha. Kila punje ikawa nukta. Fungu la kwanza kijani, la pili njano, la tatu jekundu. Jamani, nilipouona ule mchoro kwenye kioo cha kompyuta nilitaka kulia kwa furaha. Kijani kimekaa juu kulia kama wingu, chekundu chini kushoto, njano katikati. Jicho lako lilikuwa pale mbele yangu, limegeuka picha. Wenzangu waliacha kazi zao wakaja kutazama.

Ila chini kule, katikati ya wekundu, kulikuwa na kibunda cha kijani. Nukta nyingi zimesongamana mahali pasipo pake. Nikabonyeza moja moja kuona zinatoka wapi. Mfuko wa sita. Mfuko wa sita. Mfuko wa sita tena. Kompyuta yangu ilikuwa inachanganyikiwa kwa sababu hiyo. Ukiiletea punje mbovu, mara inasema mbovu, mara inasema ya kwanza.

Nilijua, Mama mdogo. Nataka hilo lieleweke. Sikuhitaji kuambiwa na mtu.

Hata hivyo nilikuja tena, Pasaka, kuhakikisha. Safari hii nikafunga kahawa ileile ya nyumba tisa, niliyorudi nayo kutoka Dar, kwenye vifuko vya karatasi vyeupe, kwa nyuma nimeweka alama ndogo ninayoijua mimi tu. Nikakuwekea ungo mapajani nikasema ni mchezo. Ulichambua kwa kasi yako ileile ya zamani, unaongea, unatania. Mfuko wa sita ukaenda wote fungu la tatu, haukubakiza kitu. Hukukosea punje hata moja. Katikati ya kazi ukageuza kifuko kimoja huku na huku.

"Leo mbona hamna majina?"

"Nimesahau kuandika."

"Afadhali," ukasema.

Neno moja tu. Ningekuwa mtu, ningekuuliza afadhali kwa nini, tungeongea, ungenieleza habari za lile daftari la karani, nami ningekwambia kosa ni langu, ngoja nianze upya. Lakini kuanza upya kulimaanisha kurudia mwaka. Nilikuwa nimeshaonja sifa. Nikazikunja karatasi nilizoandikia majibu ya mchezo ule wa ungo nikazitia chini kabisa ya begi.

Na siku hiyohiyo, kana kwamba mambo yamepangwa ili yanikomoe, ukanipa habari yako. Ile kampuni ilikuwa inafungua ghala Mbinga mjini na inatafuta mtu wa kuwasimamia wanawake wachambuzi. Karani mwenyewe alikuja kukuona. "Mimi, mwanangu!" ukasema, ukajipiga kifuani. "Na darasa la nne langu hili! Nimeambiwa nitakuwa na koti jeupe." Ukasimama ukajishika mabega kuonyesha koti litakavyokaa. Sijawahi kukuona ukijifikiria wewe mwenyewe kwa muda mrefu kiasi kile.

Siku ya kutetea utafiti wangu nilivaa viatu vya kuazima. Nikaonyesha mchoro ukutani, ukumbi ukaguna kwa kupendezwa. Mwalimu wangu akanyoosha kijiti chake kwenye kibunda cha kijani.

"Hizi zinafanya nini huku?"

Majibu yalikuwa matatu na nilikuwa nayo yote mdomoni. Ningesema niliandika majina kwenye mifuko, na huo ndio ukweli. Ningesema mchambuzi wangu alimpendelea mtu, na ningekuvua uaminifu wako. Nikachagua la tatu. Nikasema, "Mchambuzi ni mama wa kijijini, elimu yake ni ndogo, na macho yameanza kufifia." Nilisema kwa sauti ya huruma kabisa. Kuna watu wawili watatu walicheka kidogo, wala si kwa ubaya. Mwalimu akasema, "Basi liandike hilo kwenye taarifa." Nikaliandika. Nikapata alama nilizokuwa nazitaka, na mchoro wangu ukabandikwa kwenye ukuta wa idara.

Macho yako, Mama mdogo! Katika vitu vyote ulivyokuwa navyo duniani, nikaenda kugusa macho.

Nilifikiri limekwisha hukohuko, kwa Kiingereza, kwenye kabati. Kumbe mwalimu alikuwa na utaratibu wake. Kila mwanafunzi alipaswa kurudisha matokeo kwa watu waliomsaidia, ukurasa mmoja kwa Kiswahili, na asaini kiongozi wa pale. Ukurasa wenyewe aliukagua yeye, na sentensi ile akaitaka iwemo. Basi Jumapili moja baada ya misa, kwenye matangazo ya nje pale ambapo watu hutangaza ndoa na ng'ombe waliopotea, nikabandika mchoro wangu ubaoni nikasimama mbele ya kijiji kizima. Ulikaa upande wa wanawake, mstari wa pili, na kitambaa chako kipya. Ulikuwa umewaambia watu wote waje wasikie mashine yako inavyofikiri. Karani wa kampuni naye alikuja, na nakala ya ukurasa ule nilikuwa nimeshampa mwenyewe kwa mkono wangu, kwa kujipendekeza.

Nikasoma. Nilipofika kwenye sentensi ile nilitaka kuiruka. Nikamwona karani anafuata kwa kidole kwenye nakala yake. Nikaisoma. "Makosa yaliyojitokeza yalitokana na uoni hafifu wa mchambuzi."

Wanawake waliokuwa wamekaa nawe vichanjani miaka yote wakageuka wakakutazama. Uliniangalia, Mama mdogo, si kwa hasira. Uliniangalia vile ulivyokuwa ukiiangalia punje kabla ya kuamua. Halafu ukainamisha uso. Kwa sauti ya kusikika na watu wote ukasema, "Kweli jamani, siku hizi naona ukungu tu. Nilikuwa naona aibu kuwaambia."

Watu walipoanza kutawanyika, ukanyoosha mkono mbele, ukapapasa hewa, ukalishika bega la mwanamke aliyekuwa mbele yako, akakuongoza mpaka barabarani. Wewe, uliyekuwa unavuka daraja la gogo na ndoo kichwani huku unageuka kuongea na watu nyuma! Nami nilipumua. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba jambo la kwanza kunijia halikuwa majuto. Nilipumua, nikasema moyoni, afadhali amekubali.

Koti jeupe alilivaa mtu mwingine. Hukunilaumu hata kwa jicho. Nilipokuja kukuaga ulinipa mahindi ya kuchoma ya njiani, ukanisindikiza, na tulipokutana na watu ukalegeza hatua ukashika mkono wangu kama kipofu. Watu wakishapita, ukauachia. Hatukulisema. Tulitembea hivyo mpaka kituoni, unanishika, unaniachia, kila mtu anapopita.

Msimu uliofuata mama akaniandikia kwamba umehamia Liuli kwa mwanao aliyeolewa kule. Nikakubali habari ya miguu kama wengine. Ilinichukua miaka mitatu kuja kukuona. Nilishuka na lori la mahindi, dereva mtu wa Kingerikiti aliyeimba njia nzima, likanitua sokoni nikaanza kutembea kufuata ufuko. Mlikuwa wanawake wengi mnatandaza usipa, dagaa wa ziwani, kwenye vichanja. Nilikuwa bado mbali kiasi kwamba mimi mwenyewe nilikuwa naona rangi za kanga tu. Nikasikia sauti yako.

"Huyo si mwanangu? Yule anayetembea kama anafukuzwa na nyuki!"

Wenzako wakakutania, "Wewe mama una macho gani? Anaona usipa mmoja aliyeharibika kwenye kichanja kizima huyu, hata wanaume wanamwogopa." Nikakaribia. Na nilipokaribia nikaona mkono wako unafungua fundo la kanga harakaharaka, unatoa miwani, unaivaa. Miwani ya kununua gulioni. Uliivaa kwa ajili yangu, ili nisione kwamba unaona.

Nikakuamkia, tukakaa kando ya maji. Nikasema, "Mama mdogo, kumbe unaona."

Ukaivua, ukaifuta kwa ncha ya kanga, na wala haikuwa na uchafu.

"Huku ziwani naona," ukasema. "Kule juu sioni."

"Lakini Mama mdogo..."

"Kule wewe ni mtu mkubwa. Wazee wanawatajia watoto jina lako. Nikichambua kahawa mbele yao msimu mmoja tu, watauliza, huyu mtoto alisoma uongo gani pale kanisani? Umekula?"

Kwa hiyo ndiyo maana ulihama. Mtu mwenye macho kama yako hawezi kujificha mahali penye kahawa. Mkono ungeenda wenyewe. Uliacha nyumba yako, migomba yako, dada yako, ukashuka kwenye joto usilolipenda, ili ukurasa wangu mmoja ubaki kuwa kweli. Na mimi nilikula ule usipa ulionikaangia, nikalala, nikaondoka kesho yake. Nilikuwa na kazi mpya chuoni, nafundisha. Nikajiambia nitarekebisha nikishathibitishwa kazini. Nikathibitishwa. Nikajiambia nikishamaliza shahada ya pili. Mwehu mimi! Ilikuwa sentensi moja tu ya kurekebisha.

Mpaka leo nafundisha mambo hayahaya. Wanafunzi wangu wanatumia simu kupiga picha majani ya mahindi yenye ugonjwa, na mashine inakisia ugonjwa gani. Ile skana tuliyoisubiri kwa zamu wangeicheka. Kila mwaka nasimama mbele yao nasema, ficheni majina, mkono wa mtu una urafiki. Wanaandika wanapiga mstari, na hakuna anayejua kwamba nimeyasimamisha maneno hayo juu ya mgongo wako.

Mwaka huu, wiki chache baada ya wewe kufariki, binti mmoja aliniletea mchoro wake. Kulikuwa na kibunda mahali pasipo pake, rangi tofauti, hali ileile. Nikanyoosha kalamu nikauliza, hizi zinafanya nini huku?

Akatazama kidogo tu. "Ah, mwalimu, hapo nimekosea mimi. Niliandika majina ya wakulima kwenye bahasha. Nirudie?"

Hata hakujikuna kichwa. Alilisema kama mtu anayesema amesahau mwavuli. Nilimwambia arudie, nikamsifu, nikafunga mlango wa ofisi nikalia mpaka karani wa idara akaja kugonga. Kumbe ilikuwa rahisi vile. Kumbe mtu anasema, na paa haliporomoki.

Ndiyo nikaja nyumbani. Nimefika jana. Karatasi za mchezo wetu wa ungo nilikuwa nazo bado, chini ya mafaili, zimeanza kuwa na manjano. Nimezichora upya. Kijani kwenye kijani, chekundu kwenye chekundu, hakuna nukta hata moja iliyopotea njia. Mchoro nimeuchapa kwa ukubwa wa shuka la mtoto.

Leo asubuhi nilikwenda kwanza kwa mwenye mfuko wa sita. Bado yupo, meno yamebaki machache, ulimi mzima. Nikamwambia nataka kusimama kanisani nirudishe macho yako. Akanicheka. "Mdogo wa mama yako? Aliona hata chawa kichwani kwa mtu aliye ng'ambo ya mto. Alikuwa anakuja hapa ananitungia uzi kwenye sindano, tumefunga mlango. Nilimuuliza kwa nini unajifanya? Akasema, nimechoka kuona." Kisha akaikusanya kanga yake magotini, akaniuliza polepole, "Hebu niambie wewe uliyesoma. Kahawa yangu mwaka ule wa mvua. Zile mbovu zilikuwa nyingi?"

Nikamwangalia.

"Zilikuwa chache, bibi," nikamwambia.

Akashusha pumzi. Akanikaribisha chai, tukanywa.

Kesho baada ya misa nitasimama palepale, ubao uleule. Sitasema neno juu ya mfuko wowote. Nitasema macho yako yalikuwa mazima tangu mwanzo hadi mwisho. Nitasema mimi ndiye niliyeandika majina, mimi ndiye niliyejua, na mimi ndiye niliyesoma uongo mbele yao nikakuacha upapase hewa. Mama yangu atakuwa mstari wa pili. Naogopa uso wake kuliko wa kijiji kizima, lakini nitasema.

Na najua wewe ulipo utataka kufanya kile ulichozoea. Utaninyang'anya kabla watu hawajaona, utanificha, utawaambia makosa yangu yalikuwa machache. Nakuomba, Mama mdogo, kesho usiniweke kwenye mkunjo wa kanga yako. Niache nionekane kichanjani.

Pumzika. Na nimekula.

Mwanao,
uliyemchambua vibaya makusudi